Simba wa Loliondo na Mlango wa Toba

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, liko neno moja wanalolihubiri ndugu zetu Wakristo ambalo limeingia majumbani mwetu bila ya kupiga hodi. Twalisikia redioni, twaliona limeandikwa nyuma ya mabasi, na watoto wetu hurudi nalo kutoka skuli. Neno lenyewe ni hili: kwamba Mungu humpenda mtu vivyo hivyo alivyo, pamoja na dhambi zake, kabla hajafanya lolote la kustahili kupendwa. Sisi masheikh tumezoea kulijibu neno hili kwa kicheko. Twasema, "Ni dini gani hiyo ya kumpa mtu ruhusa ya kuasi?" Wasikilizaji hucheka, darsa huisha, na kila mtu huenda zake akidhani kuwa jambo limekwisha.

Jambo halikwisha. Nimelijua hilo kwa kisa kilichonifika mimi mwenyewe, nami nitakieleza ingawa ndani yake hamna sifa yangu hata moja.

Miaka thalathini hivi iliyopita nilikuwa nikisomesha chuo hapa Tanga. Palikuwa na kijana wa miaka kumi na minne, yatima wa baba, mwenye sauti nzuri ya kusoma. Siku moja sanduku la sadaka la msikiti lilikutwa limevunjwa, na baadhi ya fedha zikaonekana kwake. Nilimpiga mbele ya wenzake, kisha nikamfukuza na kumwambia asikanyage tena pale. Mamake alikuja kuniomba mara mbili. Nilimjibu kwamba samaki mmoja akioza huoza wote. Kijana akauhama mji. Alikuwa utingo wa malori, akafika Arusha, na mwaka 2011, watu walipokuwa wakimiminika Samunge kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, naye alikuwamo katika magari yaliyowachukua wagonjwa. Akabaki huko huko Loliondo. Leo ana duka Ololosokwan, kijiji cha Wamaasai katika wilaya ya Ngorongoro, ukingoni mwa Serengeti na karibu na mpaka wa Kenya. Na leo ni Mkristo.

Alikuja Tanga kumzika mamake. Alinikuta barazani, akaniamkia kwa adabu ile ile niliyomfundisha. Mimi nikamwuliza, tena kwa ukali, ni kitu gani alichokiona huko hata akaiacha dini ya wazee wake. Akasema, "Maalim, wewe ulinifundisha Rahmani na Rahimu kila siku. Siku niliyoihitaji rehema yenyewe, hukunipa. Kule waliniambia kwamba Mungu alinipenda tangu fedha za watu zingali mfukoni mwangu."

Sikuwa na jawabu. Makala hii ndiyo jawabu langu, kwake yeye na kwa kila nyumba ya Kiislamu yenye mtoto kama yeye.

WASEMA NINI HASA?

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul-Ankabut, aya ya 46, tusijadiliane na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo bora. Na haiwezi kuwa njia bora kumzulia mtu asilolisema. Basi tuanze kwa kuwasikiliza.

Wao huliita jambo hili neema. Maana yake ni kipawa kisicholipiwa. Msingi wake wauchukua katika nyaraka za Paulo, hasa ule aliowaandikia Warumi. Augustino, askofu wa Afrika ya Kaskazini aliyefariki mwaka 430, aliupigania dhidi ya Pelagio, aliyefundisha kwamba mwanadamu aweza kwa hiari yake mwenyewe kuuacha uovu na kutenda mema. Martin Luther, yule Mjerumani aliyeanzisha ugomvi na Roma mwaka 1517, alifanya neema kuwa nguzo ya mafundisho yake yote. Hakuna hata mmoja wao aliyesema kwamba mtu na azini, aibe na alewe kwa kuwa Mungu ampenda. Wasema kwamba upendo hutangulia, na matendo mema hufuata kama matunda yafuatavyo mti. Mwenye kuwajibu kwa kicheko huwa anajibu lisilosemwa, na kijana anayejua lililosemwa humwona sheikh kuwa ni mjinga au mwongo.

PADRI NA SIMBA

Huko huko Loliondo lilitokea jambo linaloyaonyesha mafundisho haya vizuri kuliko vitabu vya wanavyuoni wao. Padri mmoja Mmarekani, Vincent Donovan, wa shirika la Roho Mtakatifu, lile lile lililojenga misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, alikuwa Loliondo katika miaka ya 1960. Mwezi wa Mei 1966 alimwandikia askofu wake kumweleza ukweli mchungu: misheni ina shule, ina hospitali, na miaka imepita, lakini hakuna Mmaasai mtu mzima hata mmoja aliyekuwa akiufuata Ukristo. Akaomba ruhusa aache yote hayo, aende boma kwa boma azungumze nao habari za Mungu, basi. Aliyoyaona aliyaandika katika kitabu alichokitoa mwaka 1978.

Humo asimulia kwamba alizungumza na mzee mmoja wa Kimaasai juu ya neno la imani. Neno walilolitumia wafasiri katika Kimaasai lilikuwa na maana ya kukubali tu. Mzee akasema halitoshi. Kukubali namna hiyo ni kama mwindaji wa Kizungu apigaye mnyama kwa bunduki kutoka mbali, hatumii ila jicho na kidole. Imani ya kweli ni kama simba akamatavyo mawindo: pua, macho, masikio, miguu na mikono, vyote humo. Kisha mzee akaongeza jambo ambalo padri mwenyewe hakulitaraji. Akasema: wewe ulitwambia tumtafute Mungu, nasi hatukumtafuta. Yeye ndiye aliyetutafuta na kutufuata hata akatupata. Twadhani sisi ndio simba, kumbe simba ni Mungu.

Ndugu Muislamu, usicheke. Mzee huyu hakusoma Augustino wala Luther, lakini amelisema lile lile kwa lugha ya porini kwao. Na kila mtu aliyewahi kupotea kisha akarudi atakwambia kwamba ndani ya maneno haya umo ukweli.

HAYA YAMO KWETU TANGU ZAMANI

Sasa nauliza: je, ukweli huu ni wa padri peke yake? La, hasha. Umo katika Kitabu chetu na katika mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.), isipokuwa sisi tumeuficha.

Soma kisa cha Kaab bin Malik na wenzake wawili, Murara bin Rabii na Hilal bin Umayya. Hawa walibaki nyuma wakati wa vita vya Tabuk, mwaka wa 9 wa Hijra, bila ya udhuru. Watu wakaamrishwa wasiseme nao, wakakaa siku hamsini, dunia imewabana pamoja na upana wake. Kisha ikateremka aya ya 118 ya Suratut-Tawba. Angalia mpango wa maneno yake: Mwenyezi Mungu aliwaelekea wao kwanza, ili nao wapate kutubu. Toba yao haikuwa ndiyo iliyomgeuza Mola. Mola alitangulia, wao wakafuata. Je, hilo si lile alilolisema mzee wa Loliondo?

Soma tena hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba hakuna mtu atakayeingizwa Peponi kwa amali yake. Masahaba wakamwuliza: hata wewe, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu? Akajibu kwamba hata yeye, ila Mwenyezi Mungu amfunike kwa rehema Yake. Basi anayedhani kwamba Muislamu huinunua Pepo kwa rakaa zake, hakuufahamu Uislamu, awe ni padri au awe ni imamu. Na ile Hadithi Kudusi isemayo kwamba mja akimkaribia Mola wake shubiri moja, Yeye humkaribia dhiraa, na akimwendea kwa kutembea Yeye humjia mbio, ni nani kati yetu aliyewasomea watoto wake usiku huu?

TUNAPOACHANA NAO

Hata hivyo hatusemi kwamba dini zote mbili ni mamoja. Tunaachana nao katika mambo mawili, nayo si madogo.

La kwanza ni bei. Wao wasema neema ni ya bure, kisha wasema imelipiwa kwa damu. Haya mawili hayakai pamoja. Ukinidai shilingi elfu, mwanao akakulipa, nami nikaondoka salama, hukunisamehe wewe, umelipwa. Husema kwamba aliyelipa ni Mungu mwenyewe, kwa mapenzi Yake. Twawauliza: alimlipa nani? Nani aliye juu Yake wa kumdai? Mfalme mwenye uwezo wa kusamehe hahitaji kulipwa na yeyote. Adamu (A.S.) alikosa, akapokea maneno kutoka kwa Mola wake, akasamehewa, yamo katika Suratul-Baqara, aya ya 37. Hakuna damu pale, wala deni lililobaki kwa watoto wake. Na katika Suratu Faatir, aya ya 18, tumeambiwa kwamba hakuna mbebaji atakayeubeba mzigo wa mwingine.

Tena na warudi katika kitabu chao wenyewe. Katika Injili ya Luka, mlango wa 15, imo habari ya kijana aliyetapanya mali ya babake katika nchi ya mbali, akarudi hana kitu. Babake alimwona angali mbali, akamkimbilia. Je, baba yule alimchinja yule mtoto mkubwa mtiifu ndipo akampokea mdogo mkosefu? Hakufanya hivyo. Alimkumbatia kwa kuwa ni baba, akaamuru karamu. Ikiwa huo ndio mfano wa rehema ya Mungu, basi mfano huo uko karibu na Tawhidi kuliko ulivyo karibu na msalaba.

La pili ni haki ya aliyedhulumiwa. Hapa tuseme kweli bila ya kuificha. Qurani haisemi kwamba Mwenyezi Mungu awapenda madhalimu. Yasema hawapendi, na yasema kwamba awapenda wenye kutubu. Rehema Yake imeenea kwa kila kitu, na kwa rehema hiyo huwalisha hata wanaomkanusha. Lakini upendo Wake haukutupwa juu ya dhulma kama shuka juu ya kitanda kichafu. Kwa nini? Kwa sababu kila dhambi ya kumdhulumu mtu ina mtu wa pili ndani yake, yule aliyeumizwa, naye pia ni mja wa Mwenyezi Mungu.

Ukitaka kulifahamu jambo hili, rudi Ololosokwan. Watu wa kijiji kile, pamoja na vijiji vitatu jirani, waliipeleka serikali katika Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2017 kwa ajili ya ardhi yao ya malisho. Mwezi wa Juni 2022 vigingi vilipowekwa ili kutenga kilomita za mraba 1,500, palitokea machafuko. Watu wengi walijeruhiwa, askari polisi mmoja akauawa, na familia nyingi zikakimbilia Kenya. Si kazi ya ukurasa huu kuamua kesi ile. Lakini mtu wa kule aliyeumia, akiambiwa tu kwamba Mungu ampenda aliyemuumiza, na neno likaishia hapo, yeye atakuwa amepewa nini? Mtume (S.A.W.) ametueleza habari ya muflisi: mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na sala na saumu na zaka, ilhali amemtukana huyu, amekula mali ya yule, amempiga yule, nao watagawiwa thawabu zake mpaka ziishe. Mwenyezi Mungu husamehe haki Yake apendavyo. Haki ya mja hungoja mja. Huu nao ni upendo, upendo wa kumpenda aliyedhulumiwa.

Wala tusijione safi katika hilo. Tangu mwaka 1992 kitalu cha uwindaji cha Loliondo kimekuwa mikononi mwa watu wa Falme za Kiarabu. Basi wafugaji wengi wa huko, jina la Mwarabu na la Muislamu wamelisikia kwanza pamoja na bunduki na ugomvi wa malisho. Padri alikwenda kwao akakaa chini nao. Sisi tuliwafikishia nini?

KOSA LETU

Nimeonyesha, kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, kwamba hoja yetu ni yenye nguvu. Lakini kijana wangu hakushindwa na hoja, kwa kuwa hakupewa hoja yoyote. Alipewa fimbo na mlango uliofungwa.

Tazama miji yetu ya pwani. Mtoto akiingia katika unga, humfungia nje, na babake akiulizwa barazani husema hana mtoto wa jina hilo. Binti akipata mimba nje ya ndoa, husafirishwa usiku kwa ndugu wa mbali, na yule aliyempa mimba husali safu ya kwanza. Mlevi akija msikitini siku ya Ijumaa, watu humkunjia nyuso hata asirudi tena. Wazee wetu walisema kwamba mtoto akinyea mkono, mkono haukatwi. Sisi tumeukata mkono na mtoto tukamtupa.

Ilhali zama za Mtume (S.A.W.) palikuwa na mtu aliyeletwa mara kwa mara kwa kosa la ulevi akipigwa. Siku moja mmoja wa waliohudhuria akamlaani. Mtume akamkataza, akasema kwamba mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume Wake. Bukhari ameipokea hadithi hii. Angalia basi: adhabu ilikuwapo, wala hakuambiwa kwamba ulevi si kitu. Lakini hakutolewa katika wale wapendao na kupendwa. Mizani ndiyo hiyo. Wenzetu twawalaumu kwamba wameshika upande mmoja, na sisi tumeshika upande wa pili peke yake, kisha twashangaa watoto wetu wakienda kuutafuta ule mwingine kwa watu.

Yule padri asimulia jambo jingine. Alipotaka kuwabatiza watu wa jumuiya moja aliyoisomesha, alianza kuwachambua: huyu alikuwa mvivu wa masomo, huyu hakufahamu vizuri, huyu imani yake haba. Mzee wao akamzuia, akamwambia asiwatenganishe. Wavivu walisaidiwa na wenye bidii, na wenye imani haba walibebwa na wenye imani kubwa. Mimi ubatizo siukubali, lakini neno la mzee yule limenifedhehesha. Kwani sala ya jamaa ni kitu gani, ila mnyonge kusimama bega kwa bega na mwenye nguvu? Na imamu ameamrishwa aifanye sala nyepesi kwa sababu ya nani, kama si kwa ajili ya dhaifu aliye nyuma yake? Mmaasai wa jana aliijua maana ya jamaa, na mimi niliyesomesha fiqhi ya jamaa nilimtoa yatima safuni.

Basi enyi wazazi na walimu, nawausia mambo matatu. Mtoto na aisikie rehema kabla ya moto, kama Kitabu chenyewe kilivyofunguliwa kwa jina la Rahmani na Rahimu. Akikosa, mwadhibu kwa kadiri, umwamrishe arudishe cha watu, kisha usimnyime nafasi yake katika mkeka. Na akisikia kwa wenzake kwamba Mungu humtafuta aliyepotea, usimcheke. Mwambie: kweli, naye Mola wetu yu karibu nawe kuliko mshipa wa shingo yako, hahitaji damu ya mtu ili akusamehe, na shubiri yako moja yatosha kuanza. Sisi hatumwiti Mwenyezi Mungu simba, kwani simba hunyakua. Yeye huita, na mlango hauufungi mpaka jua lichomoze kutoka magharibi.

Imebaki haki moja. Nimesema kwamba haki ya mja hungoja mja, nami sikuliandika hilo kwa ajili ya Wakristo na wawindaji peke yao. Kijana yule aliiba sadaka, na mamake alizilipa fedha zile, kidogo kidogo, kwa kuuza vitumbua, nami nilizipokea. Hakubakiwa na deni kwangu. Mwenye deni ni mimi. Kwa hoja yangu hiyo hiyo, istighfari zangu za usiku hazitanifutia mpaka yeye mwenyewe aridhie, akiwa Muislamu au akiwa Mkristo. Nimempelekea salamu Ololosokwan kumwomba radhi. Mpaka naandika haya hajajibu, wala simlaumu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azilainishe nyoyo zetu kabla hatujawalaumu wengine, awarudishe waliotutoka, na atusamehe sisi tuliowatoa. Wabillahi tawfiq.